Waya kati ya gari na tela: usiamini rangi, uliza kazi ya kila pini

Ukikanyaga breki, indiketa ya kushoto ya tela inawaka kwa mbali. Ukiwasha taa za usiku, taa za breki zinafifia. Ukiweka indiketa ya kulia, pande zote mbili za tela zinakonyeza. Fundi anabadilisha balbu, kisha fyuzi, kisha plagi yenyewe, anapokea hela yake, na ukishapita kipande cha barabara ya vumbi mambo yanarudi yaleyale. Wenye tela za kupigia kambi wanalijua tatizo hili, na wapo walioamua kusafiri mchana tu ili wasiulizwe na trafiki.

Hakuna uchawi hapo, na mara nyingi hakuna hata kifaa kibovu. Nyaya zinazotoka kwenye gari kwenda kwenye tela zimepitia mikono ya watu ambao hawakuwahi kuzungumza. Tela imetengenezwa Afrika Kusini na kuingia kupitia Tunduma, au ni karavani kuukuu ya Uingereza iliyoshushwa Mombasa, au imechomelewa Arusha kwa kuiga ile ya jirani. Gari ni Land Cruiser au Hilux iliyotoka Japani bila soketi ya tela. Soketi ikafungwa huku, na mtu ambaye siku ile dukani alipata waya za rangi mbili tu. Kila mmoja alifuata mpangilio wake, na mpangilio wa mmoja si wa mwingine. Ndiyo maana kazi ya kufunga upya haianzi kwa kuuliza waya mwekundu unaenda wapi. Inaanza kwa kuuliza waya huu unafanya kazi gani.

Kazi zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni ishara: taa za usiku, breki, indiketa, rivasi. Hizi hutumia umeme kidogo na kwa vipindi. Ya pili ni umeme wa matumizi, yaani kuchaji betri ya tela na kuendesha friji, na huo ni umeme mwingi unaotembea kwa saa nyingi mfululizo. Ya tatu ipo kwenye baadhi ya tela tu: breki za umeme. Zote zinahitaji njia ya kurudi kwenye betri, na hapo ndipo penye mateso makubwa, kama tutakavyoona.

Pini saba

Plagi ya duara yenye pini 7, ile ya kawaida kwenye tela zetu, za Afrika Kusini na za Uingereza, ina kanuni yake ya kimataifa, ISO 1724. Waingereza huiita 12N. Pini ya 1 ni indiketa ya kushoto, waya wa njano. Pini ya 2 ni taa ya ukungu ya nyuma, bluu. Pini ya 3 ni hasi, njia ya kurudi, na rangi yake ni nyeupe. Ya 4 ni indiketa ya kulia, kijani. Ya 5 ni taa ya usiku ya nyuma upande wa kulia, kahawia. Ya 6 ni breki, nyekundu. Ya 7 ni taa ya usiku upande wa kushoto, nyeusi.

Angalia vizuri nyeusi na kijani. Fundi wa magari amezoea kwamba nyeusi ni hasi, na kwenye betri za magari ni kweli. Kwenye plagi hii nyeusi ni chanya ya taa. Fundi wa umeme wa nyumba naye amezoea kwamba kijani ni ethi, yaani waya wa ardhini, na hapa kijani ni indiketa ya kulia. Ukimpa mmoja wao tela bila mchoro, atafanya kazi safi kabisa, ya kupendeza macho, na kila kitu kitakuwa kimekosewa. Ukiongeza kwamba mtu aliyetengeneza tela huenda alitumia waya aliokuwa nao bila kujali rangi, utaona kwa nini rangi ni dokezo tu. Namba ndizo za kutegemewa. Kwenye plagi na soketi nyingi zimechongwa kwenye plastiki kando ya kila pini, ndogo sana, na zinahitaji tochi na macho mazuri.

Namba hizo zinaokoa pia kwenye kosa la kioo. Mchoro wa soketi ukitazamwa kutoka mbele, mahali plagi inapoingia, kushoto na kulia vinabadilishana ukigeuza soketi na kuitazama kutoka nyuma, mahali nyaya zinapofungwa. Fundi anatazama mchoro wa mbele huku mikono yake ikifanya kazi nyuma. Matokeo yake indiketa zinapishana, au pini mbili za taa zinabadilishana bila mtu kugundua mpaka usiku. Ukifuata namba, huna haja ya kukumbuka unatazama kutoka upande gani.

Pini za 5 na 7 zimetenganishwa ili fyuzi moja ikikatika tela isibaki giza pande zote. Kwenye magari mengi ya Japani taa za usiku za pande zote mbili hutoka kwenye fyuzi moja, kwa hiyo upande wa gari pini hizo huunganishwa pamoja, na halina madhara. Pini ya 2 ndiyo yatima. Gari lisilo na taa ya ukungu ya nyuma halina cha kuipa, na pini iliyokaa bure hupewa kazi nyingine: mmoja anaiwekea rivasi, mwingine taa ya ndani, mwingine umeme wa betri wa moja kwa moja. Hakuna ubaya maadamu gari na tela hiyo haviachani. Siku utakapomwazima rafiki tela, taa ya ukungu ya gari lake itawasha kitu ambacho hakukitarajia.

Karavani za Uingereza za zamani zilikuwa na plagi mbili: hii nyeusi ya ishara, na ya pili nyeupe au ya kijivu, ISO 3732, inayoitwa 12S, kwa ajili ya matumizi ya ndani. Zimeundwa zisiingiliane. Rangi zilezile zinarudi humo zikiwa na kazi tofauti kabisa: njano ni rivasi, kijani ni chanya ya betri isiyozimika, nyekundu ni friji. Mtu aliyekariri rangi za plagi ya kwanza akifungua ya pili anaweza kuunganisha indiketa kwenye umeme usiozimwa.

Karavani za kuanzia takribani 2009 zinakuja na plagi moja yenye pini 13, ISO 11446. Pini 7 za mwanzo zinafanya kazi ileile ya 12N, ya 8 ni rivasi, ya 9 ni umeme usiozimika, ya 10 ni umeme unaokuja gari likiwa limewashwa. Kinachonivutia kwenye plagi hii ni zile pini za kurudi: ya 3 kwa taa, ya 11 kwa pini ya 10, ya 13 kwa pini ya 9. Waliounda mpangilio huu walikataa kuurudisha umeme wa friji na wa taa kwenye njia moja, na walikuwa na sababu.

Waya wa kurudi

Umeme hautoki tu, lazima urudi. Kila taa ya tela ina waya wake wa kuja, lakini taa zote hurudi kwa waya mmoja mweupe kwenye pini ya 3. Ni kama kijiji kizima kwenda mjini kwa bodaboda tofauti na kurudi kwa daladala moja: daladala ikiharibika, abiria hawalali stendi, wanatafuta usafiri wowote unaoelekea kwao.

Chukua taa ya nyuma ya kawaida, ambayo ndani ya kikombe kimoja ina breki na taa ya usiku, na hasi yao ni moja. Waya mweupe umekatika au umeoza. Unakanyaga breki. Umeme unafika kwenye balbu ya breki, unapita, na badala ya kurudi kwa waya mweupe unapanda kinyumenyume kwenye balbu ya taa ya usiku, unafuata waya wake wa kahawia hadi kwenye gari, unapita kwenye taa za usiku za gari lenyewe, na hapo ndipo unapata hasi. Umepita balbu tatu au zaidi kwa mfuatano, kwa hiyo zote zinawaka kwa unyonge. Hiyo ndiyo siri ya taa zinazowaka mahali ambapo hukuziwasha. Ukiona taa zaidi ya moja zinachanganyikiwa kwa pamoja, acha balbu, acha fyuzi, nenda kwenye waya wa kurudi.

Kinachofanya ugonjwa huu uwe mgumu kuugundua ni lile tufe la chuma ambalo shingo ya tela hukaa juu yake. Chuma kwa chuma hupitisha umeme. Waya mweupe ukiwa umekatika kabisa, tela bado inaweza kurudisha umeme kupitia tufe hilo, na ukipima ukiwa umesimama gereji kila kitu kinawaka vizuri. Ukitoka, tufe lina grisi, shingo inacheza, barabara ina makorongo, na mguso unakatika na kurudi. Kwa hiyo ukitaka kuupima waya wa kurudi kwa haki, ondoa tela kwenye tufe, iache isimame kwa gurudumu lake la mbele, na plagi pekee ndiyo iunganishwe. Taa zikifa au zikichanganyikiwa hapo, umepata jibu.

Tatizo la pili ni kutegemea chasisi ya tela. Fundi hufunga waya mweupe kwa bolti kwenye chasisi kwa mbele, kisha kila taa kwa nyuma anaifunga kwa skrubu kwenye bati lililo karibu. Siku ya kwanza inafanya kazi. Chasisi imepakwa rangi, viungo vyake vimepigwa bolti, na ukiishi Tanga au Kilwa chumvi ya hewani inamaliza kazi ndani ya msimu mmoja. Waya wa hasi uliotoka kwenye plagi na kufika mpaka kwenye kila taa unagharimu mita chache za waya, na hakuna bolti itakayoukata.

Tuje kwenye hesabu, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini plagi ya pini 13 ina njia tatu za kurudi. Balbu ya breki au indiketa ni wati 21, na ya taa ya usiku wati 5. Breki mbili, indiketa moja na taa za usiku zikiwaka pamoja, tela inavuta kama ampea 7. Tuseme pini ya 3 imeshika kutu ya kijani na imekuwa na ukinzani wa omu 0.1. Kwa ampea 7 utapoteza volti 0.7, taa zitafifia kidogo na huenda usigundue. Sasa fundi amechukua chaji ya betri ya tela, ampea 20, akairudisha kwa pini hiyohiyo. Ampea 27 mara 0.1 ni volti 2.7 zilizopotea, na pini moja ndani ya plagi ya plastiki inatoa joto la zaidi ya wati 70. Plagi iliyoyeyuka kwenye pini ya 3 haikuyeyushwa na taa.

Wamarekani na taa moja yenye kazi mbili

Kwa wasomaji wetu walioko Marekani na Kanada, na kwa yeyote aliyeingiza tela ya kutoka huko, mambo yanabadilika kwenye msingi. Mpangilio wetu una balbu ya breki na balbu ya indiketa, kila moja na waya wake. Marekani taa nyekundu moja inaruhusiwa kufanya kazi zote mbili: ikiwaka mfululizo ni breki, ikikonyeza ni indiketa. Kwa hiyo tela ya Kimarekani yenye plagi bapa ya nyaya 4 ina nyeupe ya hasi, kahawia ya taa za usiku, njano ya kushoto na kijani ya kulia. Hakuna waya wa breki kabisa, kwa sababu breki inasafiri ndani ya njano na kijani.

Ukiifunga kwenye Land Cruiser yenye indiketa zake za pekee, rangi kwa rangi, indiketa zitafanya kazi na tela haitakuwa na taa za breki. Mtu anaona waya mwekundu wa breki umebaki mkononi, anauunganisha kwenye njano na kijani kwa pamoja. Sasa njano na kijani ni kitu kimoja: kila indiketa inakonyeza pande zote, na mkonyezo unarudi mpaka kwenye taa za breki za gari. Kinachotakiwa ni kikasha kidogo cha elektroniki kinachopokea ishara tatu kutoka kwenye gari, yaani breki, kushoto na kulia, na kutoa mbili. Kipo madukani, kinafungwa kati ya gari na soketi, na hakuna ufundi wa kusokota nyaya unaoweza kuchukua nafasi yake.

Karavani kubwa za Kimarekani hutumia soketi ya duara yenye vipande 7 bapa, na hapo rangi zinakuwa hatari badala ya kuwa usumbufu tu. Bluu kwao ni breki za umeme. Kwenye 12N bluu ni taa ya ukungu. Unganisha bluu kwa bluu, washa taa ya ukungu kwenye mvua, na magurudumu ya tela yatashikwa breki ukiwa mwendoni. Nyeusi kwao kwa kawaida ni chanya ya kuchaji betri, wakati kwetu ni taa ya usiku ya kushoto. Ukizikutanisha, betri ya tela itawasha taa ya gari lako usiku kucha.

Waaustralia, ambao tela za kambi kwao ni biashara kubwa, wana pini 7 zao: 1, 3, 4 na 6 zinafanana na zetu, lakini 2 ni rivasi, 5 ni breki za umeme na 7 ni taa za usiku. Kwa hiyo hata namba zina mipaka. Kabla ya kuzifuata, jua tela ilizaliwa wapi.

Kuhusu breki za umeme zenyewe nitapita haraka, kwa kuwa tela nyingi za huku zina breki za kusukumwa: gari linapopunguza mwendo, tela inasukuma shingo yake mbele na fimbo inavuta breki. Hizo hazihitaji waya wowote. Kama yako ina sumaku ndani ya ngoma ya breki, kila sumaku inavuta karibu ampea 3, na inahitaji kifaa cha kudhibiti kilichofungwa karibu na dereva pamoja na waya wake peke yake. Kuziunganisha kwenye waya wa taa ya breki ni kuifanya tela ijifunge kwa nguvu zote kila unapogusa pedali.

Gari lenye kompyuta

Kwenye gari la zamani unaweza kuuchukua umeme wa taa ya tela moja kwa moja kutoka kwenye waya wa taa ya nyuma. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni hilo halifai. Kompyuta inazipima balbu kwa kutuma mapigo mafupi ya umeme, na ikiona mzigo umeongezeka inatoa onyo au inakata taa hiyo kabisa. Tela yenye taa za LED huyaonyesha mapigo hayo kwa kupepesa zikiwa zimezimwa. Suluhisho ni kikasha cha rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, kinachosikiliza tu ishara kutoka kwenye taa za gari, huku umeme wa kuwasha taa za tela ukitoka kwenye betri kwa waya wake wenye fyuzi. Gari halihisi tela ipo.

Vile vibanio vya plastiki vya bluu vinavyotoboa ganda la waya ili kuunga mwingine, viache dukani. Vinakata nyuzi kadhaa za shaba wakati wa kufunga na kuacha tundu la kuingizia maji. Hitilafu nyingi za kwenye soketi zinaanzia hapo.

Umeme wa betri upite njia yake

Hapa nina msimamo: plagi ya taa ibaki ya taa. Umeme wa kuchaji betri ya tela upite kwenye nyaya mbili nene, chanya na hasi, zenye plagi yao ya pekee. Iliyozoeleka kwa wasafiri wa Australia na Afrika Kusini ni ile ya kijivu ya Anderson ya ampea 50, yenye vipande viwili vinavyofanana vinavyoingiana. Ni imara, haina pini nyembamba za kupinda, na haiwezi kuingizwa kinyume.

Unene wa waya ndio unaoamua kama betri itajaa. Kutoka kwenye betri ya gari hadi kwenye ile ya tela ni kama mita 6, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 12. Kwa mkondo wa ampea 20, waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza karibu volti 1.8. Wa milimita za mraba 6 unapoteza kama 0.75. Wa 16 haufiki 0.3. Oltaneta, mashine ya injini inayozalisha umeme wa gari, inatoa volti 14 na kidogo, na betri ya asidi inahitaji kama 14.4 ili ijae. Kwa waya mwembamba mkondo unapungua kadiri betri inavyopanda, kuchaji kunajikokota, na baada ya kutwa nzima barabarani unafika kambini na betri ambayo friji itaimaliza kabla ya alfajiri. Ukinunua waya, uliza kipimo cha shaba. Australia kuna waya wa magari unaouzwa kama "milimita 6" ambao kipimo hicho ni kipenyo chake pamoja na ganda, na shaba ya ndani ni kama milimita za mraba 4.6. Waya wa bei rahisi sana wenye ganda nene uutilie shaka popote ulipo.

Magari yenye oltaneta inayoongozwa na kompyuta yanaleta shida nyingine. Ili kuokoa mafuta, volti hushushwa betri ya mbele ikishajaa, na kupandishwa unapoachia mafuta. Betri ya tela inayotegemea volti hizo haijai kamwe. Ndipo kinapohitajika kichaja cha kubadili volti, kinachofungwa ndani ya tela karibu na betri: kinapokea chochote kinachokuja na kutoa volti betri inazotaka. Kwa betri za lithiamu kina faida ya pili. Betri hizo huvuta mkondo mkubwa mno zikiwa tupu, na kichaja kinauwekea kikomo kabla oltaneta haijachemka. Kwa gari kuukuu na betri ya asidi, rilei ya kutenganisha betri mbili inatosha, na ni rahisi kuitengeneza ukiwa porini.

Fyuzi inakaa karibu na betri, umbali wa kiganja, kwa sababu inalinda waya, na kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Wengi wanaweka moja tu, mbele. Lakini tela yenye betri ina chanzo cha umeme kwenye kila ncha ya waya. Plagi ikichomoka na kuburuzwa kwenye lami, fyuzi ya mbele italinda upande wa gari, na upande wa tela utawaka moto ukilishwa na betri ya tela. Zinatakiwa fyuzi mbili, moja kwa kila betri.

Kabla ya kuvuta waya huo, pima volti. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani zilizotoka soko la Japani zina betri mbili na mfumo wa kuwashia wa volti 24, na malori kama Fuso ni ya volti 24 moja kwa moja. Tela ya volti 12 ikiunganishwa kwenye volti 24, balbu zake zitakufa mara moja. Balbu ni hasara ndogo kuliko kile kichaja.

Kufunga kwenyewe

Anza kwa kuivua tela nyaya zote za zamani. Najua inauma, lakini waya wa miaka 15 wenye viungo vya tepu kila nusu mita hautengenezeki. Tepu ya umeme kwenye joto na vumbi hulegea na kuacha gundi. Weka kikasha cha kuunganishia kisichoingiza maji mbele ya chasisi, karibu na shingo. Waya wa plagi unaingia upande mmoja, nyaya za taa zinatoka upande wa pili, na katikati kuna mstari wa vifungio vya skrubu. Ndani ya mfuniko bandika karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, imeandikwa kazi ya kila kifungio kwa maneno: "breki", "kushoto", "hasi ya taa". Fundi wa Mbeya au wa Lodwar atakayekifungua hatahitaji kukupigia simu.

Viungo vibanwe kwa koleo la kubania na kufunikwa kwa mrija unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani. Kulehemu kwa risasi kunapendwa na mafundi wengi, na kwenye redio kunafaa. Kwenye tela risasi hupanda ndani ya nyuzi za shaba na kuufanya waya kuwa mgumu kama msumari, na mtikisiko wa barabara huukatia pale ugumu unapoishia. Waya wa plagi uache na ulegevu wa kutosha gari likate kona kali, lakini usiguse ardhi. Plagi ikiwa haitumiki, ielekee chini kwenye kishikio chake.

Kipimo cha mwisho kifanywe kwa mzigo. Multimita, kile kipimo cha umeme cha ncha mbili, itaonyesha volti 12 hata kama waya umebakiwa na uzi mmoja wa shaba, kwa sababu yenyewe haivuti chochote. Chukua balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili, iguse kati ya kila pini na hasi. Ikiwaka kwa nguvu zote, njia ni nzima. Kisha washa taa zote za tela, weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri ya gari na nyingine kwenye hasi ya taa ya nyuma kabisa. Ikizidi nusu volti, kuna kiungo kinachokula umeme, na utakipata kwa kusogeza ncha ya nyuma kuja mbele kiungo kwa kiungo mpaka namba ishuke ghafla.

Ukitoka safari ya kwanza, simama baada ya nusu saa na ushike plagi zote mbili kwa mkono. Ya taa iwe baridi. Ya betri inaweza kuwa na uvuguvugu. Ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, kibano kimoja ndani yake hakikukaza, na kifanywe upya palepale kabla ya kuendelea.